Karavani kama nyumba ya mwaka mzima, Lincolnshire: nyota tatu na nusu

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Zingefika nne na nusu kama kalenda ya Uingereza isingekuwa na Januari.

Ninayoizungumzia ni karavani ya kuvutwa na gari, ya mwaka 2004, ya watu wawili, bafu na choo viko nyuma. Ndani haifiki mita tano kwa urefu, na upana ni mita mbili na kidogo. Niliinunua kwa mtu binafsi kwa pauni 3,200 na nimeifanya nyumba, kiangazi na baridi, kwenye kiwanja kilicho nje kidogo ya mji wa Lincoln. Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani mwao, na naishi peke yangu. Nayasema haya mapema kwa sababu ushauri mwingi wa karavani ninaousikia kwa wenzetu wa huku unatoka kwa watu waliolala Skegness, mji wa mapumziko wa pwani, wikendi moja ya Agosti, jua linawaka, wakarudi wanasema maisha ndiyo yale.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowavuta watu. Kiwanja nalipa pauni 320 kwa mwezi. Kodi ya halmashauri inatozwa hata kama nyumba yako ina magurudumu, ikiwa hapo ndipo makao yako hasa. Yangu iko daraja A, la chini kabisa, na kwa kuwa niko peke yangu napunguziwa robo, inabaki pauni 88 hivi. Bima pauni 20. Umeme na gesi ni mambo ya majira. Julai vyote viwili havifiki pauni 40, Januari vinagonga 180. Kwa hiyo mwezi wa jua nyumba inanila kama pauni 465, na mwezi wa baridi kali inapita 600.

Chumba nilichokuwa nakaa zamani, kwenye nyumba ya watu sita wenye jiko moja na zamu za kuoga, kilikuwa pauni 550 na kila kitu ndani. Maana yake Januari karavani ni ghali kuliko chumba. Watu hawapendi kulisikia hili, hasa waliokwisha kuamua kununua. Ukichukua mwaka mzima ukaingiza na pesa ya kununulia, dhidi ya chumba cha kushirikiana hujaokoa kitu cha kumwandikia mtu barua. Lakini mimi sikuwa natafuta chumba. Nilikuwa natafuta mahali pangu, pa kufunga mlango na kukaanga dagaa bila mtu kubisha hodi kuuliza kuna nini. Kijumba cha chumba kimoja na jiko lake hapa Lincoln niliambiwa pauni 675 kabla ya umeme na kodi ya halmashauri. Ukijumlisha unapita 850. Ukilinganisha na hapo, napata nafuu ya karibu pauni 300 kila mwezi, na mwaka mmoja unatosha karavani kurudisha bei yake. Kwa hiyo anayeuliza kama ni makazi ya bei nafuu, nami namuuliza kwanza: nafuu kuliko nini?

Sasa kiwanja. Huku karavani unaipata kirahisi, hata ukiwa na pauni elfu moja utaletewa kitu mlangoni. Shughuli ni ardhi ya kuiweka. Chini ya sheria ya mwaka 1960 ya viwanja vya karavani, mwenye ardhi kwa kawaida anahitaji leseni ya halmashauri, na leseni nyingi ni za mapumziko. Pwani yote ya Skegness imejaa karavani, na ukiziona unadhani nafasi zipo tele, lakini viwanja vingi vya aina hiyo hufungwa sehemu ya majira ya baridi, na vingi vitakudai uthibitisho kwamba una nyumba nyingine unakolipia kodi ya halmashauri. Nyumba nyingine! Ningekuwa nayo ningetafuta karavani ya nini? Vipo pia viwanja vidogo vya mashambani, vya karavani zisizozidi tano, vinavyoendeshwa chini ya vyeti vya vyama viwili vikubwa vya wenye karavani. Ni vizuri, kimya, bei yake ndogo, lakini siku 28 zikifika unaondoka. Kwa mtu wa kazi za zamu, kuhama kila mwezi ni kazi ya pili isiyo na mshahara.

Nilikopata mimi ni kiwanja chenye kibali cha makazi ya mwaka mzima kwa nafasi chache za nyuma, karibu na mfereji. Niliomba kuiona leseni yenyewe, nikasoma mstari unaotaja makazi, kisha nikaomba mkataba wa maandishi. Kwenye kiwanja chenye kibali cha makazi, mtu anayeishi kwenye karavani yake kama makao makuu analindwa na sheria ya mwaka 1983, na mwenye kiwanja anatakiwa kukupa masharti kwa maandishi kabla hujaingia. Hiyo karatasi ina thamani kuliko karavani yenyewe. Wapo wanaokaa kwenye viwanja vya mapumziko kimyakimya, mwenye kiwanja anajua na anafumba macho, na mambo yanakwenda mpaka siku halmashauri inapokuja kukagua. Siku hiyo mwenye kiwanja hakujui. Wapo pia wanaokaa barabarani kabisa. Bristol inajulikana kwa misururu ya magari na karavani za watu wanaoishi hivyo, na sisemi ni vibaya, nasema tu kwamba mimi nikimaliza zamu ya usiku nataka kulala bila kusikiliza hatua za mtu nje.

Jambo jingine la kumuuliza mwenye kiwanja ni umeme. Kwangu kuna mita ya kulipia kabla, unaweka pesa unapata uniti, LUKU mtupu, tofauti hakuna. Kwa kanuni za Ofgem, msimamizi wa nishati wa huku, mwenye kiwanja hatakiwi kukuuzia uniti ya matumizi ya nyumbani kwa bei iliyozidi ile anayouziwa yeye. Nilimwomba anionyeshe bili yake. Alinikazia macho kidogo, kisha akaileta. Tangu siku ile ananiita "my dear" kwa sauti ya heshima zaidi.

Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba nimenunua nyumba ya magurudumu, hakuuliza bei. Aliuliza, "Sasa mwanangu, mwizi akija na gari lake?" Nilicheka sana, lakini mama kaingia mle mle. Karavani huibwa, tena nzimanzima, na vitanda vyake. Ndiyo maana zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1992 zina namba ya usajili ya CRiS, herufi na tarakimu 17, iliyogongwa kwenye chasisi na kuchorwa kwenye vioo. Ukienda kununua, linganisha namba ya chasisi na ya madirisha yote na ya kwenye karatasi. Dirisha moja likiwa tupu au limekwanguliwa, uliza. Jibu likichelewa, ondoka. Mimi yangu ina kufuli la kichwa cha kuvutia na pingu ya gurudumu, za rangi ya njano inayoonekana toka barabarani. Mama amepelekewa picha, ameridhika.

Kabla ya hii niliona nyingine iliyokuwa nzuri zaidi kwa macho. Viti vya rangi ya maziwa, mapazia mapya, na harufu ya marashi kila kabati unalofungua. Harufu hiyo ndiyo iliyonishtua. Nani anapulizia marashi kabati la kuwekea mitungi ya gesi? Nilikuwa nimekwenda na kipimo cha unyevu, kile kidogo chenye sindano mbili, kinauzwa duka la vifaa vya ujenzi kwa pauni 20 hivi. Ukutani pakavu unasoma chini ya asilimia 15. Ukipita 20 kuna swali, na ukipita 30 mbao za ndani huwa zimeanza kuoza. Kona ya mbele kushoto, chini ya dirisha, ilisoma 38, na nilipobonyeza kwa kidole gumba ukuta ukaitikia. Mwenye mali akasema ni mvuke wa kupika. Nikamshukuru kwa chai yake nikaenda zangu.

Ni vizuri kuelewa kwa nini hutokea. Karavani za umri huu ni fremu ya mbao na mabamba ya povu, juu yake bati la alumini, na kila maungio yamezibwa kwa ulimbo. Ulimbo ukizeeka unakauka na kupasuka, maji yanapenya, na kwa kuwa bati liko nje na karatasi ya ukutani iko ndani, huoni kitu mpaka mbao zimekwisha. Yangu ilisoma 12 hadi 17 kila mahali, na mwenyewe alikuwa na risiti za ukaguzi za miaka mfululizo. Viti ni vya kahawia iliyopauka, mtindo ambao hata mwaka 2004 sidhani kama ulikuwa umempendeza mtu. Nilichukua hiyo hiyo. Matairi yalikuwa na kashata nzuri kabisa lakini tarakimu nne za ubavuni zilionyesha yana zaidi ya miaka saba, na tairi la karavani huchoka kwa umri kabla ya kuisha kwa mwendo, kwa sababu husimama tu mahali pamoja limebeba mzigo. Nikapunguziwa bei, nikaweka mapya.

Kuivuta hakukuhitaji leseni ya ziada. Tangu Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari anaruhusiwa kuvuta mpaka kilo 3,500. Ila leseni ni kitu kimoja na gari ni kingine. Yaris yangu ni nyepesi kuliko karavani, na ingekuwa karavani inayoivuta Yaris. Shemeji yangu wa Nottingham alikuja na pikapu yake, tukaenda taratibu, maili 60 kwa saa kwenye motowei na barabara zilizogawanywa katikati ndiyo mwisho, 50 kwenye zisizogawanywa, na njia ya mwisho kulia ya motowei yenye njia tatu au zaidi hairuhusiwi ukiwa na karavani nyuma. Tangu iliposimama haijaondoka. Kwa hiyo sifa yake kubwa kibiashara, kwamba inatembea, kwangu haina kazi. Kama na wewe huna mpango wa kutembea, tafuta bei ya karavani kubwa isiyohama, zile ndefu zenye chumba cha kulala, ulinganishe. Mimi nilishindwa kwa kuwa viwanja vya makazi vya hizo huku vilikuwa vinauza karavani na nafasi kwa pamoja, na bei yake ilikuwa ya mtu mwenye nyumba tayari ya kuuza.

Sasa maisha ya ndani, na hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Waya mnene wenye plagi ya bluu unaingiza umeme toka nguzo ya kiwanjani. Nguzo yangu inatoa ampea 10. Zidisha kwa volti 230: wati 2,300, na hiyo ndiyo nyumba nzima. Hita ya Truma iliyomo ina ngazi tatu za umeme, 500, 1,000 na 2,000. Chombo cha kuchemsha maji kinakula 850. Kwa hiyo hita ikiwa katikati na maji yanachemka, umetumia 1,850, umebakiwa na 450, na hapo friji bado haijahesabiwa. Birika la umeme la kawaida la nyumbani, la wati 3,000, haliwezi kuwashwa hata likiwa peke yake. Ukilichomeka, swichi ya nguzo inajikata, giza, na kama mwenye kiwanja kalala unasubiri asubuhi. Nina birika dogo la wati 900, na nimejifunza kuzima maji kabla ya kuwasha birika na kuzima birika kabla ya kuwasha pasi. Mgeni akija kwangu asiguse swichi. Ukipata kiwanja cha ampea 16 hii shida inapungua sana. Ungeniuliza nilipe pauni 20 zaidi kwa mwezi kwa ajili hiyo, ningelipa leo.

Hita ya Truma yenyewe naipa nyota tano. Ikiwa wati 1,000 usiku na mchana, ni uniti 24 kwa siku. Kwa pensi 25 kila uniti ni pauni 6. Lakini ina kidhibiti cha joto, na mimi mchana siko, kwa hiyo haifiki huko. Baridi ikizidi, nageuza inatumia gesi, na ndani ya robo saa unavua sweta. Kosa si la hita, ni la kuta. Unene wa ukuta ni wa vidole viwili. Ukiizima saa nne usiku, saa kumi alfajiri unaona pumzi yako.

Gesi: mitungi ya bluu ya Calor ni butani, myekundu ni propani. Kwa kuishi mwaka mzima ni mwekundu tu, usibishane na mtu. Butani hukoma kugeuka gesi karibu na nyuzi sifuri, yaani siku unayoihitaji ndiyo siku inayokataa, mtungi umejaa na jiko halishiki. Propani inavumilia mpaka chini ya nyuzi 40 za baridi, na Lincolnshire haijawahi kutaka makuu hayo. Nakaa na mitungi miwili, mmoja kazini mmoja akiba, kwa sababu mtungi hauishi mchana wa Jumatano duka likiwa wazi. Unaisha Jumapili usiku.

Na hapa nataka nisikilizwe. Karavani ina matundu ya hewa sakafuni na darini yaliyowekwa makusudi, na baridi ikianza kupenyeza, mkono unakuwasha kuyaziba kwa tambara. Usizibe. Sisi tuliotoka nyumbani hatuhitaji kuelezwa habari ya jiko la mkaa lililoachwa ndani usiku na familia isiyoamka. Ni gesi ile ile, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huku huua watu kwa namna ile ile: mtu kachoma nyama nje, mvua imeanza, kaliingiza jiko la mkaa kwenye hema la ubavuni mwa karavani, makaa yamefifia, kalala. Mkaa unaoonekana umezimika bado unatoa. Nina kengele ya kaboni monoksaidi na ya moshi, nazibonyeza kila nikibadili shuka. Kaka mmoja wa kiwanja chetu aliniambia kengele yake aliitoa betri kwa sababu inampigia kelele. Nikamuuliza anadhani inapiga kelele kwa furaha?

Maji ni kazi ya mikono. Pipa la kubingirisha la lita 40 linakaa nje, pampu inavuta ndani. Mimi peke yangu, bila kuoga ndani, linakwenda siku mbili. Tangi la maji ya moto ni lita 10, na ukichanganya na ya baridi unapata kuoga kwa haraka bila kuimba. Bafu la kiwanjani lina maji ya kutosha na ndilo ninalotumia, isipokuwa usiku wa mvua. Joto likishuka chini ya sifuri, mpira wa maji unaganda kwanza, kisha bomba la kiwanjani, kisha pipa. Nimelivalisha pipa koti lake, na usiku wa baridi kali naliingiza ndani, nalala nalo. Maji machafu yana pipa lake jingine upande wa pili, na hilo nalo likiganda, sinki linakurudishia ulichomwaga.

Choo ni cha kaseti ya Thetford, tangi la lita 18 hivi linalochomolewa kwa nje kupitia kijilango. Watu wote huuliza kuhusu choo na wanauliza kwa sauti ya chini. Ni hivi: kwa mtu mmoja, kila baada ya siku tatu unaiburuta kaseti hadi penye shimo la kumwagia, unamwaga, unasuuza, unaweka dawa ya bluu. Kwa anayefanya kazi kama yangu, ya kubadilisha wazee na kuwaogesha, si kitu. Kwa mwenye kinyaa, ndiyo mwisho wa ndoto. Sharti la pekee ni kutosubiri taa nyekundu iwake ndipo ukumbuke, kwa sababu lita 18 zilizojaa pomoni ni nzito na kiwanja kina barafu.

Adui wa kweli ni mvuke. Mtu mmoja aliyelala, sufuria moja ya maharage, taulo moja lenye maji, na asubuhi madirisha yanatiririka, chini ya godoro pamelowa, na nyuma ya kabati kuvu imeanza kujichora. Vyakula vyetu ni vya mvuke: pilau, maharage, makande, ugali unaochemka kwanza. Nimebadili mapishi. Maharage napika kwa sufuria ya presha, kwa wingi, siku ya jua, madirisha wazi. Ugali nasonga na tundu la darini likiwa wazi hata kama nje kuna theluji, na chapati hazina neno, ni moshi tu. Chini ya godoro nimeweka wavu mgumu wa plastiki unaopitisha hewa. Mashine ya kunyonya unyevu ya wati 200 inafanya kazi kila niondokapo, na nikirudi naikuta na maji ya kuosha vyombo. Nguo sikaushi ndani kamwe. Kiwanjani kuna mashine ya kufulia na ya kukaushia, pauni 4 kwa kila moja, na kiangazi kanga zangu zinapepea kwenye kamba mpaka majirani wazee wanakuja kuuliza maandishi yake yanasema nini. Kuna moja ambayo sikuwatafsiria.

Friji inatumia gesi au umeme, haina kelele hata kidogo, lakini karavani lazima isimame sawasawa kwa timazi, la sivyo haipoi vizuri. Sehemu ya kugandisha inaingia samaki wawili waliokunjwa. Ile tabia yetu ya kwenda duka la Waafrika mara moja kwa mwezi na kurudi na nusu mbuzi, isahau.

Mazuri nayo nisiyafiche. Mvua ikipiga juu ya paa ni bati la Tanga kabisa, na nalala usingizi ambao kwenye nyumba ya matofali sikuwahi kuupata. Usafi wa nyumba nzima ni dakika 15. Bondeni kuna sungura, na jirani yangu, mzee fundi mabomba mstaafu, ananiita akiona hali ya hewa inabadilika ili niingize pipa. Na ule mlango. Narudi saa tano usiku, nafungua, nafunga, hakuna mtu mwingine.

Hema la ubavuni siwezi kulipa nyota. Lilikwenda na upepo wa Februari, na mara ya mwisho kuonekana lilikuwa shamba la viazi la jirani likielekea Newark.

Mambo ya karatasi, haraka haraka. Daktari wa mtaa alinisajili bila kudai uthibitisho wa anwani, na ndivyo inavyotakiwa England. Akikuzungusha mtu wa mapokezi, mweleze hivyo kwa upole. Benki ilitaka bili ya kodi ya halmashauri, nikawapa, wakanyamaza. Kama uko huku kwa viza ya kudhaminiwa na mwajiri, mwajiri wako anatakiwa kuwa na anwani yako ya sasa, kwa hiyo usihamie mahali pasipo na anwani ukajificha. Bima nayo soma kila mstari. Sera nyingi za karavani ni za mapumziko na hazimlipi mtu anayeishi humo, hata kama amelipia miaka kumi. Lazima uwaambie kwa kinywa chako kwamba ndiyo nyumba yako, na wakuandikie kwamba wamekubali. Kampuni kadhaa zilinikataa kabla sijapata moja.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Mombasa tunayefanya naye kazi alikuja kuangalia. Ana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la nne, na amechoshwa na kodi. Alipima kila kitu kwa hatua, akafungua makabati, akakaa kitandani, akauliza mtoto ataandikia wapi kazi ya shule, nikamwonyesha meza ambayo usiku hugeuka kitanda. Akauliza wakiwa na mafua wote watatu itakuwaje. Nikamwambia usichukue hii, dada yangu, nenda halmashauri kaandikishe jina kwenye orodha ya nyumba, na huku ukisubiri kaa hapo hapo ulipo. Akaniangalia.

"Sasa mbona wewe mwenyewe hutoki?"

"Mimi sina watu wa kugombania lita kumi za maji ya moto."

Akacheka, akamaliza chai, na alipokuwa anatoka akaniomba nimuuzie ile mashine ya kunyonya unyevu. Nilimkatalia papo hapo.